Nyati Waliobana Behewa

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa utani. Rafiki yangu Amos Pruitt alikuwa akimpelekea mkewe dawa ya kifua, garimoshi liliposimamishwa na kundi la nyati wenye ndevu wa Marekani katika nyika ya Kansas. Abiria wakawa wanawapiga risasi kupitia madirisha.

"Piga na wewe, Pruitt! Au unamwogopa ng'ombe mwenye ndevu?" kondakta alimcheka.

Amos akapiga. Waliouawa wakachunwa ngozi, mizoga ikaachwa kando ya reli.

Hadi giza linaingia, nyati walikuwa wamejibana milangoni, milango haifunguki. Usiku kucha mbao za behewa zililia kwa kubanwa, na nje zikasikika pumzi nzito.

Asubuhi, akihofia hali ya mkewe, Amos alitoka kupitia dirisha, akakanyaga mgongo wa nyati wa kwanza. Ulikuwa baridi, umechunwa ngozi, damu imekauka. Chini ya kiatu chake ukainuka, ukashuka, ukainuka tena.