Watoto Wanne wa Mwanapili

Miwani ilikuwa na maji. Mwanapili aliishusha msumarini aipanguse vumbi, maji yakammwagikia kifuani, akayaonja kwa ncha ya ulimi na kuyakuta ya chumvi. Akashusha ya pili, nayo vilevile. Jozi zote nne za miwani ya kuzamia, pamoja na mipira yake ya kupumulia, zilikuwa zimetundikwa sebuleni tangu zilipoletwa, na hakuna hata moja iliyokuwa imefika baharini. Alimwonyesha mumewe. Seifu alitazama juu darini, akasema ni unyevu, akaendelea na chai yake.

Alikuwa na hasira siku hizo, na tusimlaumu kwa hilo, ya kumlaumia yanakuja. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Kwa miaka mingi Seifu alikuwa akiwapeleka wazungu wa hoteli moja ya Diani kutazama samaki. Mzungu mwenye hoteli alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia mashua ya injini, ama kwa shukrani, ama kwa sababu haikuingia kwenye ndege. Ndipo Mbwana, ndugu yake Seifu wa tumbo moja, aliyekuwa tarishi katika ofisi za serikali kule Kwale, akamtafutia wageni wa kwanza: mkubwa mmoja wa Nairobi, mkewe, na marafiki wao wawili. Walitaka kufanya kama walivyofanya wazungu, kulala kifudifudi juu ya maji mchana wakitazama matumbawe, na usiku walale kisiwani kwenye mahema. Hakuna kati yao aliyejua kuogelea, lakini kuogelea hakukuwa sharti la ukubwa.

Seifu aliipanga safari ile kama mtu anayepanga harusi ya bintiye. Alishona turubai, akasugua mapipa ya maji matamu, akaazima miwani hotelini, akamuuliza mkewe kila siku kama watu wa bara wanakula pweza. Alikwenda hata kisiwani Jiwe Jeupe peke yake, mchana, kutengeneza mahali pa kulala. Kisha, siku mbili kabla ya safari, Mbwana alituma habari kutoka Kwale kwamba mkubwa ameitwa kwenye mkutano na safari imesogezwa mpaka msimu ujao. Seifu alivitukana vyeo vyote vya Jamhuri. Siku waliyokuwa walale kisiwani ikapita, na kesho yake ndipo maji yalipoonekana kwenye miwani.

Baadaye zikaja sauti. Mwanapili alikuwa uani akianua nguo, jua limesimama katikati, akasikia mtu anakuna nazi jikoni. Alidhani ni mama mkwe wake, Kadzo. Lakini Kadzo alikuwa amekaa naye palepale uani akichambua mchicha, naye pia ameinua kichwa anasikiliza. Wote wawili waliingia jikoni pamoja. Mbuzi ya nazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, kavu. Jikoni kulinuka wali uliotoka motoni sasa hivi, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na harufu ya mwani uliooza. Jiko lilikuwa halijawashwa tangu asubuhi.

"Nyumba hii ina mtu," Kadzo alinong'ona.

Kadzo alikuwa mwanamke wa Taru, kule kwenye vumbi na mbuzi. Tangu aolewe pwani hakuwahi kutia hata kidole baharini, na aliamini kwamba kila baya la Msambweni, kijiji cha mumewe, linatoka huko. Mwanapili alikuwa akimcheka kwa hilo. Siku ile hakucheka.

Kilichomvunja moyo ni mtoto. Mwanamkuu alikuwa na miaka mitatu, mtoto wao wa pekee, aliyepatikana baada ya mimba mbili kuharibika. Alianza kukataa chakula chenye chumvi. Ukimpa mchuzi anatema, ukimpa wali mtupu anakula mpaka anashikwa na kwikwi. Kisha akaacha kupumua kwa pua. Alitembea nyumbani mdomo umeachama kidogo kama aliyeuma kitu, akivuta pumzi ndefu yenye mluzi, na mama yake akimuuliza kinachomuuma alimtazama kwa mshangao. Alikuwa akienda mlango wa nyuma, anaitikia "naam", anarudi kucheza. Mwanapili akamuuliza ni nani anayemwita. Mtoto akajibu kwamba ni mwenyeji, anasema chakula kinapoa.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, Mwanapili alitoka kisimani na ndoo kichwani, akasukuma mlango wa uani kwa goti, akamwona mwanawe amelala kifudifudi kando ya karai kubwa la kufulia, uso wote umezama majini, nywele zinaelea, mikono imelegea huku na huku, hatapatapi, hatetemeki, na mgongo wake mdogo unapanda na kushuka taratibu kama wa mtoto aliyelala usingizi mwema, na hapo mama akaiacha ndoo ianguke, akapiga mbio asizikumbuke hatua zake, akamnyakua, akamgeuza, akampiga mgongoni atapike maji, lakini hayakutoka maji, kilichotoka ni kilio cha mtoto aliyenyang'anywa kitu chake.

"Nilikuwa natazama samaki, mama," Mwanamkuu alilia.

Jioni hiyohiyo Mwanapili alimwambia mumewe kwamba kama hamwiti mganga yeye anaondoka na mtoto. Seifu hakubisha, na hilo lilimshangaza, kwa kuwa Seifu alikuwa mbishi hata kwa mambo asiyoyajua. Kesho yake asubuhi alimleta Dzombo kutoka Kinondo, mtu mfupi mwenye haraka aliyekuwa akitengeneza baiskeli na kupunga majini, na mikono yake ilinuka grisi na ubani kwa pamoja. Alitandika mkeka sebuleni, akafukiza, akanyunyiza marashi pembe zote. Alimweka mtoto katikati na watu wazima wakamzunguka. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, akisikiliza katikati ya kila mstari kama anayesikiliza tairi linalovuja.

Jini hakumpanda mtoto. Alimpanda Kadzo. Bibi yule wa Taru alinyooka mgongo, akakunja miguu kama nahodha, na maji yakaanza kumtoka puani bila ya yeye kuyapangusa. Kisha akasema kwa lafudhi ya watu wa visiwani, safi, taratibu, na kwa adabu ambayo Mwanapili aliiogopa kuliko matusi.

"Salaam alaykum, wenye nyumba. Mniwie radhi kwa kuingia. Niliahidiwa wageni."

Dzombo alimuuliza ni wageni gani.

"Watoto wanne wa Mwanapili. Walitajwa kwangu, nikaambiwa wanakuja kulala. Nimewatandikia. Nimewapikia. Hawakuja, nami si mtu wa kukaa na chakula cha watu, nikasema nije kuwachukua mwenyewe. Hapa namwona mmoja. Watatu wako wapi?"

Watoto wengine wawili wa Mwanapili walikuwa chini ya mchanga, hawakufikia hata kupewa majina, na kiumbe yule alikuwa anauliza walipo. Alimgeukia Seifu. Seifu alikuwa anatazama mkeka.

Watu wa Msambweni wanajua desturi ya Jiwe Jeupe. Kupita mchana ni ruhusa, kuvua ni ruhusa, lakini atakayelala lazima atajwe kwanza. Hupelekwa ubani na wali usiotiwa chumvi, ukawekwa juu ya jiwe, akatajwa kila mtu kwa jina la mama yake, fulani wa fulani. Mtu asiyetajwa kwa mama huhesabiwa kama kitu kilichotupwa na mawimbi, na kilichotupwa na mawimbi pale ni mali ya mwenyeji. Seifu aliijua desturi hiyo na hakutaka kuivunja. Tatizo lake lilikuwa kwamba hakuyajua majina ya mama za wageni. Alimwomba Mbwana aulize, Mbwana akacheka, akasema tarishi hamwendei mkubwa ofisini kumuuliza mamake anaitwa nani. Basi Seifu, akiwa tayari amesimama mbele ya jiwe na wali mkononi, akaona njia rahisi. Mgeni akilala kwako ni mwanao. Wageni hawa chakula chao atapika Mwanapili. Akawataja wote wanne kwa Mwanapili, akateremka, akawasha injini, akarudi nyumbani, akala chakula cha mchana.

"Ulinitaja mimi," Mwanapili alisema. Sauti haikupanda. "Tumbo langu uliliweka jiweni kwa ajili ya watu wa Nairobi, na hukuniambia."

"Nilikuwa nawalinda wageni," Seifu alijibu.

Dzombo aliwanyamazisha. Alisema na jini kwa muda mrefu, kwa lugha ambayo wengine waliishika kidogo tu, mpaka Kadzo alipolegea na kuanguka ubavu. Kisha mganga akamtoa Seifu uani, na Mwanapili akawafuata bila ya kuitwa. Dzombo alisema neno lilitoka kinywani mwa Seifu, kwa hiyo ni yeye wa kwenda kulirudisha. Aende mchana, peke yake, na wali mpya, awafute wale wanne. Lakini mkeka ulikwisha kutandikwa, na mwenyeji yule haukunji mtupu. Lazima atajwe mtu mmoja wa kweli, kwa mama yake wa kweli.

"Jitaje mwenyewe," Dzombo alimwambia. "Mwenyeji huyu hamdhuru anayejileta. Ukae naye hadi jua lizame, ule wali wake, uombe ruhusa ya kuondoka. Atakuachia. Nimewaona walioachiwa."

"Wote waliachiwa?" Seifu aliuliza.

Mganga alisema wengi. Seifu akaitikia kwa kichwa.

Aliondoka baada ya chai. Mwanapili alimpikia wali, akambusu mkono kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze, na moyoni alimsamehe zaidi ya nusu. Mtu anayekwenda kujitoa kwa ajili ya mwanawe, utamkasirikia vipi? Alikaa mlangoni na Mwanamkuu mapajani. Haukupita muda mrefu, hata adhana ya adhuhuri haijatoka, mtoto akapiga chafya, akafunga mdomo, akavuta pumzi kwa pua. Akaomba samaki wa kukaanga. Alipopewa akalamba chumvi vidoleni. Mwanapili akalia kwa furaha, Kadzo akalia naye, na Seifu alipofika kabla ya alasiri, mkavu, mzima, walimpokea kama aliyerudi Makka.

Ni Dzombo peke yake, aliyekuwa akifunga mzigo wake, aliyemtazama Seifu kisha akalitazama jua, lililokuwa bado juu. Alikataa kula, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Habari zilishuka kutoka Kwale kesho yake. Mbwana hakuonekana kazini. Wenzake walivunja mlango wa chumba alichopanga, kule kilimani, wakamkuta kitandani amelala kifudifudi, macho wazi, shuka kavu. Daktari wa serikali aliandika kwamba maiti imejaa maji ya bahari, akakata maneno hayo, akaandika moyo. Waliomwosha Msambweni walimwosha tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kila walipomgeuza maji yalimtoka mdomoni upya, na mchanga mweupe, mpaka imamu akasema inatosha, Mungu anaona, mvikeni sanda.

Hapa lazima nimseme Mwanapili kama alivyokuwa. Alipolisikia jina la Mbwana, shemeji yake aliyekuwa akimletea sabuni na magazeti ya kufungia vitu, kilichomjia kwanza hakikuwa huzuni. Alimkumbatia mwanawe na kusema moyoni, alhamdulillahi. Huzuni ilikuja nyuma yake, na aibu nyuma ya huzuni, na hizo mbili hazikumtoka tena.

Kadzo alingoja matanga yaishe. Alimwita Seifu chumbani, Mwanapili akiwa amesimama kizingitini.

"Kule jiweni ulimtaja nani?"

Seifu alisema mambo mengi. Alisema ni Mbwana aliyewaleta wale wageni. Alisema ni Mbwana aliyekataa kuuliza majina. Alisema yeye ana mke na mtoto na Mbwana hakuwa na mtu.

"Alikuwa na mimi," Kadzo alisema. "Ulimtaja vipi?"

"Mbwana wa Kadzo."

Bibi alifunga kanga zake katika kitambaa kimoja. Alimwambia mwanawe aliyebaki kwamba kuanzia siku ile asilitie jina lake mdomoni, si kwa kumwita, si kwa kumwombea, si kwa kumzika. Akamshika Mwanamkuu shavu, akatoka, akarudi kwao Taru.

Msimu ulipogeuka, tarishi mpya alikuja kutoka Kwale. Mkubwa na wenzake wako tayari, safari ipo palepale, tena sasa wanataka kulala siku mbili. Seifu aliipangusa injini akipiga mluzi. Watamfaa kwa mengi, alisema, hawa ndio watakaoleta wengine. Asubuhi yake alimwomba mkewe apike wali, asitie chumvi.

Mwanapili aliuchagua mchele polepole.

"Baba Mwanamkuu, safari hii utawataja kwa nani?"

Seifu aliinua macho. Alimtazama yeye, akamtazama mtoto aliyekuwa akichezea vifuu sakafuni, na nyumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kutazamwa.

"Nitajua nikifika," alisema, akaenda kutia mafuta mashuani.

Mwanapili alibandika sufuria, akaupuliza moto mpaka moshi ukapanda juu ya makuti, Seifu aone huko aliko kwamba mke yuko jikoni. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akatokea mlango wa nyuma, akashika njia ya bara. Taru ni mbali na bahari, alijiambia kila alipochoka, ni mbali sana, huko hata mvua ni ya kuombwa. Lakini hata Kwale, alikofia Mbwana, haikuwa karibu na bahari.