Jina la Bi Mgeni Daftarini

Jumamosi soko la Konde halisikilizani. Muuza ndizi anamkatiza muuza nguo, muuza nguo anamkatiza muuza dagaa. Katikati ya vurugu hiyo kijana mmoja mrefu, shati la kijani la kampuni limemkaa sawasawa, alisimama na kipaza sauti akiwasihi watu wa kaskazini waufunge mwamba wao miezi mitatu, pweza wazae na wakue.

"We kaka," Mwatima alimkatiza, ungo wa pweza wa kuchemsha mkononi. "Pweza ushamshika weye, au umemsoma tu?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana akashusha kipaza sauti, akamtazama yule binti wa buibui lililopauka na mtandio wa zambarau.

"Nimemsoma, dada'angu. Wa kunishikisha ndiye ninayemtafuta."

"Basi njoo Msuka maji yakipwa. Ila viatu hivyo uvivue."

Huyo ndiye Haidar, kwao Kengeja, kusini kabisa. Kampuni yake hununua pweza ikawapeleka ng'ambo, na ilikuwa imeng'amua kwamba pweza wakimalizwa nayo itafunga milango, ndipo ikamtuma afundishe vijijini. Alikuja Msuka kwa mafunzo, akabaki kwa ajili ya Mwatima. Hilo halina haja ya kuzungushwa. Yeye aliwafunza wanawake kumtambua pweza aliyelalia mayai. Mwatima alimfunza kutembea juu ya mwamba bila kujikata. Hata Bi Mgeni, mama yake Mwatima, alishaanza kumwita mkwe kwa utani.

Mwamba ulipofungwa, wakachaguliwa walinzi wanne wa zamu, Mwatima mmoja wao, kwa kuwa haogopi mtu. Haidar naye akilinda. Sharti lilikuwa moja: atakayeingia mwambani huandikwa daftarini, jina lake husomwa mkutanini, na siku ya kufungua hubaki nyumbani. Aliyemwandika hatajwi.

Mwezi wa pili wa kufunga, wifi yake Mwatima akajifungua, maziwa hayatoki. Dawa yake kila mwanamke wa pwani anaijua: supu ya pweza. Asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa mbali, Mwatima akiwa zamu alimwona mtu mwambani, kanga kaifunga kiunoni, mchokoo mkononi. Alimjua kwa mwendo. Alikuwa Bi Mgeni, aliyewafunza nusu ya wanawake wa Msuka kuchokoa pweza.

Mwatima akakaa chini, akalia, kisha akaliandika jina.

Mkutanini msomaji alikuwa Haidar. Bi Mgeni akamdhania ndiye aliyemwandika, hakutaka kujua zaidi.

"Pweza mmoja, mjukuu wangu apate kunyonya, ndo mtu anitangaze mbele za watu? Asikanyage kwangu tena!"

Haidar aliinamisha kichwa, asijitetee.

"Kwa nini hukusema?" Mwatima alimuuliza baadaye.

"Mamako akinichukia miye, weye utanisemea. Akikuchukia weye, nani atakusemea?"

Haidar akaomba kuhamishiwa Kengeja. Na binti asiyeogopa mtu akagundua kwamba yuko mmoja anayemwogopa: mamake.

Siku mwamba ulipofunguliwa, wanawake walirudi wakiimba, pweza wakubwa wakining'inia mikononi. Bi Mgeni alikaa kibarazani akisuka ukili wa mkeka, akajifanya hasikii. Mwatima alitaka kusema siku ile ile, asithubutu.

Yakabaki mapenzi ya simu.

"Umekula, roho yangu?"

"N'le nini, nawe hupo?"

"Huku muhogo tele. Njoo."

"N'je kwa miguu?"

Wakacheka, kisha kila mmoja akasikiliza pumzi za mwenzake. Pemba si kubwa. Ukipanda gari mbili umefika. Lakini hamu ya Haidar ilimshika Mwatima mpaka chakula kikamshinda, na kila likipita shati la kijani njiani, moyo ulimruka bure.

Jumanne moja sauti ya Haidar ilikuja nzito. "Baba kanitafutia mke, Mwatima. Anataka jibu wiki hii. Nimwambie nini?"

Mwatima aliinuka.

"Usikate simu," alisema.

Jikoni Bi Mgeni alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Mama, aliyekuandika si Haidar. Ni miye."

Mkono wa Bi Mgeni ukasimama.

"Nilikuona kwa macho yangu. Yeye kasoma tu, na lawama kaibeba."

Bi Mgeni akaiweka nazi chini. "Ndo kusema siku zote hizi namlaani mtoto wa watu, na mwenye kuniandika nnamlisha?"

"Nisamehe, mama."

"Nipe simu hiyo." Akajifuta nazi mikononi. "Haidar, mwanangu. Miye mamake Mwatima. Nimekudhulumu kwa ulimi wangu. Nisamehe kwa ajili ya Mungu."

"Nishasamehe zamani, mama."

"Basi waambie wazee wako waje Ijumaa baada ya sala. Lakini ujue, unaoa mtu aliyemwandika mamake."

"Huyo huyo ndiye ninayemtaka."

Bi Mgeni akairudisha simu bila kumtazama binti yake. "Yeye nimemwomba radhi. Weye sijakusamehe bado." Akaiokota nazi yake, akaendelea kukuna.

Mwatima alitoka uani, machozi yanamtiririka.

"Walia nini, nami nakuja?" Haidar aliuliza.

"Hajanisamehe."

"Atakusamehe. Ni mamako."

Mwatima aliegemea ukuta, simu kaibana sikioni kwa mikono miwili.

"Haidar."

"Naam, roho yangu."

"Ijumaa mbali."