Fundi Asiyepima kwa Simu

Fundi cherehani alikuwa na sheria moja: hakati nguo kwa vipimo vya kuambiwa. Mteja aje mwenyewe, asimame, apimwe. Ukimpigia simu umtajie kiuno cha dada yako, atakuuliza, "Kwani huyo dada hana miguu?" Wateja walinung'unika, lakini nguo zake zilikaa mwilini.

Binti yake alishona vifungo, ndiyo maana aliitwa Kifungo. Wiki ile alikuwa akijishonea gauni la safari. Shoga wa mama yake, aliyesoma naye darasa moja, alimpatia kazi za nyumbani katika nchi ya mbali. Angeondoka Ijumaa. Pasipoti yake tayari ilikuwa kwa huyo shoga, "isije ikapotea."

Mtaa mzima ulimpongeza. Hata muuza maziwa, ambaye binti yake alishonewa gauni dukani hapo akapelekwa na shoga huyohuyo, alisema kila asubuhi, "Wangu hajambo, anaendelea vizuri."

Jumatatu alikuja bibi ustawi, afisa wa ustawi wa jamii, kupimwa sketi. Akaliona gauni.

"Hongera, mwanangu. Unakwenda kwa nani?"

Kifungo akamtazama mama yake.

"Kwa tajiri mmoja," Fundi akajibu. "Shoga yangu anamjua."

"Mkataba mmeusoma?"

"Ataupata hukohuko."

"Na pasipoti anayo nani?"

Fundi akashusha utepe wa kupimia. "Dada, unanihoji kama polisi! Yule ni mtu wetu. Tumekula naye, tumezika naye."

"Ndiyo maana nauliza. Wanaouza watu hawaji na kamba. Akija mgeni, utamfungia mlango. Kwa hiyo wanamtumia mtu wetu, na pengine naye kadanganywa. Wanajua kazi hapa ni ngumu kupata. Wanajua tunavyomsifu anayeondoka. Mtoto akifika, ananyang'anywa simu na kufungiwa ndani. Hata akipata njia ya kurudi, anaogopa kuchekwa."

"Si wote wanaokutwa na hayo," alisema Kifungo.

"Kweli, si wote. Wako wanaofanya kazi vizuri. Lakini uliza kwanza. Mwajiri anaitwa nani? Wakala amesajiliwa? Mkataba uusome hapa, kwa lugha unayoielewa. Na pasipoti yako kaa nayo wewe." Akamgeukia Fundi. "Sketi yangu ulikataa kuipima kwa simu. Mtoto unamtoa kwa maneno ya kuambiwa?"

Fundi alikasirika. Alimpima harakaharaka, akamfungulia mlango. Ukweli ukikugusa panapouma, unauchukia kwanza.

Kesho yake alimsubiri muuza maziwa mlangoni. "Nipe namba ya binti yako. Nataka nimsikie mwenyewe."

Muuza maziwa akaweka ndoo chini. "Sijamsikia miezi minne."

"Lakini kila siku unasema hajambo!"

"Ulitaka niseme nini? Wakati anaondoka mlinipigia vigelegele. Ningewaambiaje kwamba sijui mwanangu aliko?"

Fundi aliingiwa na hofu. Kifungo akipotea, naye angekaa kimya vilevile, na gauni la tatu la safari lingeshonwa mtaani. Alifunga duka, yeye na muuza maziwa wakaenda kwa bibi ustawi.

"Msimgombeze shoga," aliwaonya. "Akishtuka, atapotea na pasipoti."

Aliwapeleka polisi. Nyumbani kwa shoga ilipatikana pasipoti ya Kifungo, pamoja na nyingine sita. Shoga alilia. "Niliambiwa nitafute wasichana tu. Sikuuliza wanapelekwa wapi."

"Hata mimi sikuuliza," Fundi alisema. Maneno hayo yalimuuma.

Kifungo alinuna siku tatu. Ya nne akarudi kwenye vifungo vyake. Baadaye alianza kutafuta kazi nyingine, na kila tangazo alilisoma na mama yake mpaka mwisho.

Kumtafuta binti wa muuza maziwa kulichukua wiki nyingi. Barua ziliandikwa, ubalozi ukapigiwa simu. Hatimaye, asubuhi moja, muuza maziwa aliingia dukani bila ndoo.

"Mwanangu karudi! Mshonee gauni. Vipimo vyake si unavyo kwenye daftari?"

"Hapana," alisema Fundi. "Aje mwenyewe."

"Anaona haya. Anasema watu watamcheka kwa kurudi mikono mitupu."

"Mwambie hapa hachekwi mtu. Tunamsubiri."

Alikuja jioni, amekonda, macho chini. Fundi alimzungushia utepe kiunoni, akausoma. Kisha akamkumbatia palepale, utepe ukiwa bado mkononi.

Kifungo alifungua ukurasa mpya wa daftari.

"Taja, Mama," alisema. "Naandika."