Mgeni wa Kwanza Aje na Masizi Yake

Kila siku saa nane mchana, jirani yangu Radmila hurudi kutoka duka la mikate anakofanya kazi. Binti yake Dunja, wa miaka kumi na mitano, humngoja mlangoni. Hupokea mkate, huunusa, kisha husema, "Umechelewa dakika tatu." Hasemi kwa hasira. Anasema kwa sababu ni kweli.

Dunja ana usonji. Mimi ni mwalimu wa watoto kama yeye, na ua wangu umepakana na wao, hapa katika mji wa Valjevo.

Kwetu, mgeni wa kwanza kuingia asubuhi ya Krismasi ndiye mwenye heri ya mwaka mzima. Huchochea moto kwa tawi la mwaloni na kuiombea nyumba afya nyingi kama cheche. Kisha hubusu kila mtu mashavuni, mara tatu. Mwaka juzi aliingia mzee Miloje wa ng'ambo ya barabara. Alimkamata Dunja kichwa, akambusu moja, mbili. Ya tatu hakuifikia. Dunja alipiga mayowe, akakimbilia chini ya meza, akaziba masikio hadi mchana.

"Mtoto hana adabu," Miloje akasema. "Umemdekeza mwenyewe."

Tangu siku ile Radmila hakukaribisha mtu Krismasi. Mlango ulifungwa kwa ufunguo.

Halafu akatokea Bogdan, fundi wa kusafisha dohani, bomba la kutolea moshi wa jiko. Alikuja mara moja kwa kazi, akarudi mara ya pili, na ya tatu, yote ndani ya mwezi mmoja. Dohani ya Radmila ikawa safi kuliko vikombe vyangu. Mwezi wa kumi na mbili akamwomba wafunge ndoa.

Radmila alinijia mbio.

"Mwalimu, nampenda. Lakini Dunja akishindwa kuishi naye, basi. Simfichi mwanangu chumbani ili mimi niolewe."

"Bogdan anasemaje?"

"Anataka awe mgeni wetu wa kwanza Krismasi. Nimemwambia jibu atalipata siku hiyo."

Niliwaita wote wawili jikoni kwangu. Bogdan akauliza jambo ambalo wengi huogopa kuliuliza.

"Huo usonji unapona?"

"Si ugonjwa, Bogdan. Amezaliwa hivyo. Hakuna laana, wala si malezi mabaya. Sauti ambayo kwako ni ndogo, yeye inampasua kichwa. Busu la ghafla linamuumiza kweli."

"Sasa nikae kama gogo?"

Radmila akacheka. "Wewe? Unaongea hata na dohani!"

"Mwambieni mapema kitakachotokea," nikasema. "Usimguse kabla hajakubali. Sema jambo moja, kisha ngoja. Akiinua mkono, acha kila kitu."

Dunja huelewa vizuri zaidi kwa picha. Basi nilichora kadi sita za asubuhi ile. Ya kwanza, Bogdan anabisha hodi. Ya sita, Bogdan anaondoka. Kadi ya nne ilitusumbua, maana ndipo penye busu. Bogdan mwenyewe ndiye aliyepata dawa. Kwetu, mtu akikutana na fundi wa dohani hushika kifungo cha nguo yake ili apate bahati.

"Tushike vifungo mara tatu," akasema. "Kila mtu chake."

Kadi zilikaa ukutani wiki mbili. Dunja alizisoma kila asubuhi.

Siku ikafika. Nilikuwa uani nazoa theluji. Bogdan akaja amenyoa ndevu, amevaa suti na tai, marashi yake yakanifikia hadi ng'ambo ya ua. Akabisha. Dunja akafungua, akatazama kadi, akamtazama yeye.

"Huyu si Bogdan. Bogdan ana masizi."

Akainua mkono.

Nilimchora Bogdan na kofia, brashi na koti jeusi, halafu nikasahau kumwonya aje amevaa hivyo hivyo. Kosa lilikuwa langu.

Bogdan alifungua mdomo ajieleze, akaufunga. "Sawa, Dunja. Naenda kumleta Bogdan. Dakika ishirini."

Akatimua mbio kwenye theluji na viatu vyake vya kung'aa.

Hapo hapo akatokea Miloje na chupa yake ya rakija, pombe kali ya matunda. "Kristo amezaliwa! Mlango wazi na mgeni hayupo? Nipishe, mama Dunja."

Radmila alisimama katikati ya mlango. "Kweli amezaliwa, mzee wangu. Lakini huingii."

"Unanifukuza siku ya Krismasi?"

"Nakusubirisha. Mgeni wangu yuko njiani."

"Utaikosa heri kwa ajili ya huyu mtoto!"

"Heri ya kumtia mwanangu chini ya meza siitaki. Ngoja hapo hapo."

Miloje akangoja, amenuna. Nami nilijisikia fahari, kana kwamba Radmila ni dada yangu.

Dakika ya kumi na tisa Bogdan akarudi anahema. Kofia kichwani, brashi begani, masizi hadi puani.

"Umewahi dakika moja," Dunja akasema. "Ingia."

Nikasogea hadi mlangoni kutazama. Bogdan alichochea moto. Dunja akahesabu cheche kwa sauti ndogo, zikafika arobaini na moja. Ikaja kadi ya nne. Radmila akashika kifungo chake. Dunja akatazama sweta lake. Halikuwa na kifungo hata kimoja! Hilo nalo hatukulifikiria.

Bogdan hakusogea. Dunja akamkaribia polepole, akanyoosha kidole, akagusa kifungo cha shaba cha koti lake. Moja. Mbili. Ya tatu pia. Machozi yalichora mistari kwenye masizi ya Bogdan.

Nikaingia mimi, kisha Miloje, ameshika kifungo chake kwa nguvu. Hakumbusu mtu.

Tulipomaliza kula, ilibaki kadi ya sita. Bogdan akainuka, akachukua kofia. Dunja akaibandua kadi ile ukutani, akaitia kwenye droo, akaifunga.

"Hii haihitajiki," akasema.

Radmila akamgeukia Bogdan. "Basi jibu umelisikia. Kaa."

Harusi ilikuwa mwezi wa tano. Nilichora kadi kumi na mbili. Kwa amri ya Dunja, bwana harusi alisimama kanisani na masizi puani. Naye Dunja alivaa gauni jipya, lenye vifungo vitatu.