Gauni Lililokwisha Kuchomwa

Jioni ile Sindano alitoka kununua uzi mweusi. Akarudi na uzi, na uchovu wake akarudi nao vilevile, kama alivyotoka nao.

Jina la Sindano alipewa na mtaa akiwa msichana, kabla hajagusa cherehani. Wakati huo alikuwa amekataa chakula, amebaki ngozi na mifupa, na watu hawana dogo. Baadaye akawa fundi nguo, jina likapata heshima. Aliyemrudisha mezani ni dada yake. Kila jioni, kwa miaka, dada alikaa mbele yake katika chumba cha nyuma ya duka, akalaza kijiko chake kifudifudi na kusema, "Usipokula, silambi hata mchuzi. Tutalala njaa wote." Na kweli hakukigeuza mpaka mdogo wake ameze tonge la kwanza. Sindano akapona. Kupona kwenyewe kulikuwa kazi ya kila siku, kama kufagia.

Sasa dada alikuwa kaburini, na tangu mazishi chakula kilikuwa hakipiti.

"Umekula, Sindano?" fundi viatu wa jirani alimuuliza akifunga kibanda chake.

"Nimekula."

"Macho hayo hayajala. Mke wangu kakuletea hotipoti, nimeiweka kule nyuma. Usinirudishie na chakula ndani, atanila mimi."

Sindano alicheka ili amridhishe, akaingia dukani.

Harufu ndiyo iliyompokea.

Mafuta ya taa. Na kitambaa kilichoungua...

Mwanamke alikuwa amesimama karibu na cherehani, amejifunika mtandio mpaka machoni. Sindano hakuwa amesikia mlango.

"Nimefunga, mama. Njoo kesho."

"Kazi ndogo tu," yule mgeni alinong'ona. "Nipunguzie kiunoni."

Akamkabidhi gauni. Kwa mazoea ya kazi, Sindano akaligeuza upande wa ndani. Fundi yeyote huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, ili mwenye nguo akinenepa itanuliwe. Gauni hili halikuwa nacho. Lilikuwa limepunguzwa, likapunguzwa tena, akiba yote ikakatwa mpaka kwenye uzi. Na uzi wenyewe ulikuwa mwekundu.

Akaupitishia kidole.

Ulikuwa mshono wake. Hili ndilo gauni la kwanza kulishona maishani, kwa mkono, alilokuwa akilipunguza kila mara enzi zile za njaa, mpaka siku dada alipomnyang'anya, akalichoma uani kwa mafuta ya taa. Sindano alisimama pale pale, akaliona likigeuka majivu.

"Umelitoa wapi?"

"Nipime kwanza."

Sijui ilikuwa hofu, sijui ni mazoea. Alichukua futi ya kupimia, akaizungusha kiunoni mwa mgeni. Akavuta. Futi ikaja... ikaja... mpaka ikajikunja yenyewe mikononi mwake. Haikushika kitu.

"Bado kidogo," mgeni alisema. "Sasa geuka. Zamu yako."

Ubaridi ukamzunguka Sindano kiunoni. Mkono hakuuona.

"Dada yako hayupo. Nani atakuzuia?"

Hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa sababu Sindano hakutaka kupiga kelele. Alitaka kukubali. Alikuwa amechoka kuamka, amechoka kutafuna, amechoka kuulizwa kama amekula. Na sauti ile aliijua kuliko sauti ya mtu yeyote aliye hai.

Ko.

Mlio ulitoka chumba cha nyuma.

Ko. Chuma juu ya ubao.

Alijivuta mpaka mlangoni. Mezani palikuwa na hotipoti. Na mbele ya kiti kitupu palikuwa na kijiko cha dada, kile chenye mpini uliopinda, alichokifungia kabatini siku ya mazishi. Kimelazwa kifudifudi.

"Dada?"

Ubaridi ukazidi kumbana.

"Usile," sauti ikamnong'oneza kisogoni.

Sindano akaketi. Akafunua hotipoti. "Na wewe una njaa, dada," alisema, na machozi yakamtoka, yale yaliyogoma siku ya mazishi. Akala. Tonge halikuwa na ladha yoyote. Lilikwama, akalisukuma kwa maji, likashuka.

Ubaridi ukalegea.

"Nitasubiri," mgeni alisema kutoka dukani, wala hakuwa na hasira. "Mimi sichoki."

"Mimi nimechoka," Sindano alijibu. "Nitakula hivyo hivyo."

Alipoinua macho, kijiko cha dada kilikuwa kimegeuzwa.

Na kilikuwa kimelowa.

Asubuhi hakukuta mtu. Gauni lilikuwa linaning'inia kwenye msumari. Hakulichoma, lilishachomwa mara moja, ikasaidia nini? Alilifumua ubavuni, akaongeza kipande kipana alichokata kwenye aproni ya dada, likatanuka.

"Hotipoti yenu hii hapa," alimwambia fundi viatu.

"Tupu?"

"Tupu."

"Basi nimepona mimi."

Mgeni hajarudi. Au labda hajaondoka. Kila asubuhi Sindano akifungua duka hukuta kile kipande kimefumuka kidogo upande mmoja, uzi mwekundu unachungulia, na harufu ya mafuta ya taa bado iko hewani. Huwa halikimbilii gauni. Huingia chumba cha nyuma, akala kwanza. Kisha hutunga uzi, akakishona upya.