Sauti Iliyong'oa Mwani

Sisi wanawake wa Ndagoni tunaolima mwani tuna kundi letu la WhatsApp. Ni la kuambizana maji yakipwa na mnunuzi akija. Wengi wetu kusoma kunatuchelewesha, kwa hiyo tunatumiana sauti.

Kampeni zilipoanza, Luqmani, kijana wa chama, aliomba kuingia. Alisema yeye ni mtoto wetu, atatuletea habari. Tukamwingiza. Akaanza kutuma nyimbo na picha za mgombea wake. Hakuna aliyemkataza.

Asubuhi moja akaleta sauti ya mwanamke. Alisalimu kama sisi, akaongea kama sisi. Alisema chama cha upande wa pili kikishinda, ufukwe atapewa mwekezaji, na mwani utakaokutwa majini utatupwa. Tuvune mapema.

Mwani wa mama yangu, Kijakazi, ulikuwa mchanga bado. Nikamwambia tungoje.

"Ngoja wewe," akasema. "Huyo ni mwenzetu. Husikii anavyosema?"

Maji yalipokupwa tukang'oa wote, hata wa mbegu. Nasma peke yake aliuacha mwani wake kwenye kamba zake majini. Wanawake wakamcheka.

"Mwacheni," mama akasema. "Mwekezaji ni shemeji yake."

Mwani mchanga ukikauka hubaki kama nyuzi. Mnunuzi aliushika, akaurudisha kwenye chanja ya kuanikia, akaenda zake.

Jioni mama akampelekea simu jirani yetu, Mwalimu Jovina, aisikilize ile sauti. Jovina akamwamkia, akasikiliza mpaka mwisho.

"Anayesema ni nani, Bi Kijakazi?"

"Mwenzetu."

"Jina lake?"

Mama akaifungulia tena ile sauti. Jina halikuwemo.

Jovina akatuonyesha alama juu ya ile sauti. Maana yake imetoka kwingine, ikapitishwa tu. Akasema siku hizi vyama vyote vinatafuta kura kwenye simu, na hilo si kosa. Ila mkutanoni msemaji unamwona, na unaweza kumuuliza swali. Kwenye simu anaweza kujificha.

"Anayetaka kura yako aseme jina lake na chama chake," akasema. "Asipojitaja, usimpitishie mwenzako. Kwanza kaulize ofisi ya kijiji."

Tulikwenda, tumeshachelewa. Mtendaji alisema hana habari ya mwekezaji yeyote. Tukamuuliza Luqmani kundini: ile sauti ya nani? Akajibu kwamba na yeye alitumiwa tu. Kisha akajitoa.

Uchaguzi ukapita. Ufukwe uko palepale. Kamba zetu ndizo zilizokuwa tupu.

Sasa kundini hakuna sauti inayopita bila jina la msemaji. Juzi ilikuja nyingine, kwamba wanunuzi wamefukuzwa kisiwani. Mwenzetu Biubwa akauliza: nani anasema? Hakujibiwa. Hakuna aliyeng'oa kitu.

Lakini mbegu ya kuanzia upya ilibidi tukaombe kwa Nasma. Mama alisimama mlangoni pake na gunia tupu, asijue aanzie wapi.

Nasma akalipokea gunia.

"Karibu," akasema. "Shemeji yangu mwekezaji ameruhusu."

Mama hakucheka.