Kokugonza Hayumo Kwenye Bima

Jumamosi asubuhi, bibi Annastella wa Kishanda alikuwa anamenya ndizi. Mjukuu wake Kokugonza alikwenda kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, kukata majani ya kufunikia chungu. Baba wa mtoto, Datius, alikuwa amekwenda Bukoba na mkewe.

Ghafla mtoto akapiga kelele. "Mawe! Mama yangu! Nyoka!"

Bibi alikimbia. Juu ya kifundo cha mguu wa mtoto aliona matundu mawili madogo.

Jirani yao Vestina, mhudumu wa afya wa kijiji, alisikia kelele akaja mbio. Alimkuta bibi ameshika wembe na kamba.

"Weka chini, Ma Annastella! Usichanje wala usifunge mguu. Mlaze, asitembee. Ildefons yuko barabarani anapakia ndizi. Gari lake litatupeleka hospitali."

"Hospitali? Kadi ya bima Datius ameondoka nayo. Na alisema tupite kwanza zahanati, watupe barua ya rufaa. Tukienda hivi hivi watatufukuza!"

"Hiyo ni siku za kawaida. Leo ni dharura. Dharura ni ugonjwa au ajali inayoweza kumuua mtu akicheleweshwa. Kwa dharura, bima yenu inalipa bila barua ya rufaa, mradi hospitali ina mkataba nayo. Ya wilaya inao. Matibabu yanaanza, kadi inafuata. Twende, bojo, tafadhali!"

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga. Nadhani siku hiyo hawakuwa wameumwa na nyoka.

Ildefons alishusha mikungu, wakamlaza mtoto garini juu ya majani ya migomba. Njiani kope zake zilianza kulegea. Bibi alimwita, akajibu kwa ulimi mzito. Alimwita tena, hakujibu. Bibi hajawahi kuogopa kiasi kile maishani mwake.

Hospitalini wauguzi walimpokea mlangoni. Hakuna aliyeuliza kadi. Daktari aliuliza ameumwa saa ngapi, kisha akamtundikia dripu yenye dawa ya kupambana na sumu ya nyoka.

Baadaye bibi aliitwa kwenye dirisha la bima.

"Namwona Datius Lwakatare wa Kishanda, na watoto watatu," karani alisema. "Kokugonza hayumo."

"Hayumo? Nimemlea mimi!"

"Huenda aliandikwa kwa jina jingine. Siruhusiwi kukusomea majina ya watu, bibi. Nitajie wewe."

"Kokugonza, Kahigi, Rugaibula."

"Hakuna hata mmoja."

Vestina alimpigia Datius. Simu haikupatikana. Bibi akamgeukia karani. "Kwa hiyo mnamchomoa dripu?"

"Hapana, bibi! Matibabu hayakatizwi kwa sababu ya jina. Lakini asipopatikana kwenye orodha, bima haitalipa, mtalipa wenyewe. Alibatizwa nani?"

Bibi akashika kichwa. Kwenye ubatizo alikuwepo. Aliimba, akacheza, akala. Lakini jina lile alilisikia siku hiyo moja tu. Nyumbani kila mtu alimwita Kokugonza.

Alirudi kitandani, akaushika mkono wa mtoto, akasali. Jua lilikuwa limeanza kushuka kope zilipofunguka.

"Bibi."

Bibi alilia kwa sauti bila kujali watu. Vestina akainama. "Mwanangu, mwalimu anakuitaje shuleni?"

"Hellen," mtoto alisema polepole. "Hellen Datius. Darasa la tatu."

Karani alitafuta. Alikuwemo.

Datius aliporudi, Vestina hakumbembeleza. "Ta Datius, ukisafiri, acha kadi au namba yake nyumbani. Wanaobaki na watoto wajue majina yaliyoandikwa kwenye bima. Na wajue hospitali za kukimbilia siku ya dharura."

Datius aliandika namba, akabandika karatasi ukutani. Bibi hakuridhika. Yeye anajifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima parokiani. Alichukua mkaa, akaandika mwenyewe mlangoni: HELLEN NI KOKUGONZA. Herufi moja imegeuka nyuma mbele, lakini inasomeka.

Siku hizi Kokugonza akitoka kwenda shule husoma maneno hayo kwa sauti kubwa, kumchokoza bibi yake. Na bibi, kutoka jikoni, humjibu kila siku:

"Yumo!"